Mamba wa Yunisi

Ilagala,
8 Septemba 2024

Mwanangu Yunisi,

Mwakeye. Tumsifu Yesu Kristo. Mimi sijambo, isipokuwa masikio, ambayo uliyaacha yamekufa na hayajafufuka. Mawese mwaka huu ni haba. Ndugu yako Wema hajambo, anakusalimu sana. Anasema kichwa chako huko Morogoro lazima kimekuwa kichaka, maana hakuna msusi mwingine anayekijua. Wateja wake wameongezeka. Jumamosi wanakaa hapa uani kwangu tangu asubuhi, wanacheka, nami nacheka nao bila kujua tunachocheka.

Nakuandikia kwa sababu simu kwangu ni tochi tu. Kupiga hakuna maana kwa mtu asiyesikia, na zile herufi za kwenye simu ya Wema ni ndogo kama mayai ya chawa. Barua hii nimempa dereva wa basi, yule aliyesoma darasani kwangu. Nimemwambia akiipoteza nitamrudisha darasa la tatu.

Sasa jambo lenyewe. Ziwa halijarudi. Mwezi wa tano lilipopanda tulisema kiangazi kitalishusha, lakini kiangazi hiki hapa kinakwisha na maji bado yamelala kwenye jaruba la mpunga la Thobias, jirani yetu. Kile kibanda cha pampu ya bomba kimebaki paa tu. Tangu hapo kitongoji kizima tunachota ziwani, pale mwaloni, pamoja na mitumbwi na wafuaji na kila kitu.

Na ng'ambo kidogo ya mwalo, kwenye matete, kuna mamba. Ni mkubwa. Thobias alimwona kwa karibu akasema ana kidude kimefungwa mgongoni, nyuma ya shingo. Watu wakasema basi huyo ni wa Yunisi, wanakumbuka ulivyokuja na wale wenzako wa chuo mkawafunga mamba vifaa. Sasa ndilo jina lake. "Mamba wa Yunisi ameonekana." Wema ananitafsiria kwa mdomo na mikono, na anacheka.

Lakini mimi sicheki sana. Mamba huyo hupanda kwenye kile kichuguu cha Thobias alipopanda muhogo, na hashuki. Kutwa yupo. Wewe ndiye unayesomea tabia za hawa wanyama. Niambie anataka nini kwetu.

Shangazi yako,
Honorata


Morogoro,
27 Septemba 2024

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua imefika salama, dereva aliileta mwenyewe hadi geti la chuo akasema anaogopa darasa la tatu. Mimi ni mzima. Kazi ni nyingi, joto la huku nalo limekuja mapema. Mwambie Wema nimefunga kilemba, asinisimange.

Shangazi, huyo mamba namfahamu. Ni jike. Tulimfunga kifaa mwaka juzi, na kifaa hicho kikipata nafasi, akiwa juu ya maji, hutuma habari kwa setelaiti, nami naona nukta kwenye ramani ya kompyuta. Habari yenyewe huchelewa. Naweza kuona alikuwa wapi jana. Alipo sasa hivi siwezi. Nukta zake za mwezi huu zote zimerundikana mahali pamoja, nami nilikuwa nimeshashtuka kabla hujaniandikia.

Ametaga. Miaka yote alikuwa akitagia kwenye fungu la mchanga karibu na mdomo wa Malagarasi. Fungu lile sasa liko chini ya maji. Mamba jike hutaga mahali pakavu, palipo karibu na maji, penye udongo unaochimbika, na ukanda mzima huo hakuna mahali pengine pa namna hiyo ila kichuguu cha Thobias. Hakuwafuata nyinyi. Amepanda kwa sababu ziwa limempandisha, kama lilivyowapandisha nyinyi.

Mayai yataanguliwa mvua zikishakolea, mwezi wa kumi na mbili hivi. Mpaka hapo haondoki, na atakayesogea atamshambulia. Msimkaribie. Msichimbe. Mchote maji upande mwingine.

Nimeandika sentensi hiyo nikaitazama muda mrefu. Najua utaniuliza, upande upi? Nilikulia hapo, najua hakuna. Pwani yote ni matete na mashamba yaliyozama, mwalo ndio peke yake wenye mchanga. Nilichoweza kufikiri ni kizimba: miti mirefu ichomekwe majini kwa kubanana, izungushwe, watu wachotee ndani. Nimezungumza na msimamizi wangu, Dokta Leodgar, ameandika kwa maofisa wa wanyamapori.

Tafadhali barua hii apewe mwenyekiti wa kitongoji. Sina cha kuficha humu.

Binti yako,
Yunisi


Ilagala,
23 Oktoba 2024

Mwanangu Yunisi,

Amani ya Bwana. Sisi wote wazima. Wema anakusalimu, anasema kilemba hakimdanganyi mtu.

Mwenyekiti wetu Alphonce aliisoma barua yako mkutanoni, neno kwa neno. Nilikaa mbele nikawa nawatazama watu nyuso. Mwanangu, usije ukadhani hatukukuamini. Hakuna aliyebisha. Alipomaliza, Thobias alisimama akauliza swali lilelile uliloliandika mwenyewe, nami nililisoma mdomoni mwake: "Tuchote wapi?" Watu wakamgeukia Alphonce. Alphonce akaitazama barua tena, kana kwamba jibu lilikuwa nyuma ya karatasi.

Maofisa walikuja. Walikuwa watu wa heshima na kazi yao wanaijua. Walitega kwa nyama na kamba, wakamnasa siku ya pili, wakamfunga mdomo na kumfunika macho kwa gunia. Nilikwenda kuona. Alivyofunikwa macho alitulia kabisa. Wakampakia botini wakampandisha mto, mbali sana, kwenye mabwawa ya juu huko.

Mchana uleule Thobias alichimba mayai. Najua ulisema yasichimbwe. Lakini ni shamba lake, muhogo wake, na watoto wake wanapita hapo. Aliyatia kwenye beseni. Nilitegemea kumwona anafurahi. Alikaa na lile beseni mapajani mpaka jua linapotua, kisha akaenda kuyazika mbali. Wema alimuuliza kwa nini asiyatupe tu. Akaliosha beseni, akaliinamisha likauke.

Kizimba tulikijenga. Wanaume walikata miti, wakachomeka, kikapendeza. Tulichotea humo wiki mbili kwa raha. Halafu mvua za kwanza zikapiga huko milimani, ziwa likapanda tena, na kwa upepo wa usiku mmoja mawimbi yakalaza upande mzima. Upande uliobaki sasa umezama, vichwa vya miti vinachungulia. Wanasema watajenga tena maji yakishuka.

Yatashuka lini? Wataalamu wenu wanasemaje?

Shangazi yako,
Honorata


Morogoro,
16 Novemba 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini nyumba yote ni nzima. Naandika kwa haraka, basi linaondoka mchana.

Anarudi. Yule jike. Siku za mwanzo alipoachiwa alizunguka huko mabwawani, nikapata moyo. Wiki iliyopita nukta zikaanza kushuka na mto. Hili limeshaonekana kwa mamba wa sehemu nyingine pia: ukimhamisha hurudi alikotoka, na hakuna anayejua kwa hakika anaijuaje njia. Bado yuko mbali, na mto una mizunguko mingi. Sijui atafika lini. Nimempigia Alphonce, ameniahidi atatangaza kwa kipaza sauti kila jioni.

Uliniuliza wataalamu wanasemaje kuhusu ziwa. Wanasema mvua za miaka hii katika nchi zote zinazolizunguka zimezidi, na ziwa lina mlango mmoja tu wa kutokea, kule Kongo, nao ni mwembamba. Kila kinachoingia kinabaki. Wanasema pia maji ya ziwa yana joto kuliko zamani za babu. Mamba hatengenezi joto lake mwenyewe, huliazima nje. Maji yakiwa na joto, mwili wake huenda mbio, pumzi humwishia mapema na njaa humjia mapema. Na joto la udongo ndilo linaloamua kama yaliyomo kwenye mayai ni majike au madume. Nayajua haya yote, Shangazi, nimeyaandikia kurasa nyingi. Hakuna hata ukurasa mmoja unaoweza kuwashushia ziwa.

Msiende kuchota mmoja mmoja. Nendeni wengi, asubuhi jua likishapanda. Yapigeni maji kwa fimbo kwanza. Wewe usiende kabisa, hata mtu akikupigia kelele hutasikia.

Mwambie Wema apokee simu zangu, anapenda kuziacha.

Yunisi


Morogoro,
1 Desemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Najua hupo nyumbani, naandika kwa anwani ya Alphonce, atakuletea hospitali.

Sikuambiwa na mtu. Alhamisi nilifungua ramani. Nukta ya yule jike ilikuwa kwenye kichuguu cha Thobias, alikuwa amefika. Nikapiga simu ya Wema, kimya. Siku ya pili yake nikafungua tena, nukta imetoka majini. Imepita mashambani. Imeifuata barabara, taratibu, kwa mwendo wa mtu anayetembea, ikasimama ofisi ya kitongoji. Mamba hatembei barabarani. Nikajua wamemuua na kifaa kiko mikononi mwa mtu.

Ndipo nikampigia Alphonce, akalia. Sikuwahi kumsikia Alphonce akilia. Aliniambia mkono wa Wema. Akasema ulikataza nisiambiwe mpaka utakapoandika wewe mwenyewe, kwa sababu ya mtihani wangu. Nilimuuliza ni siku gani, akasema Jumanne, tarehe kumi na tisa. Nilimuuliza mara ya pili, akanirudishia ileile.

Shangazi, mtihani huu ukiisha nakuja. Mwambie Wema nakuja. Sijui niandike nini zaidi. Niandikie hata mistari miwili.

Yunisi


Kigoma, hospitalini,
8 Desemba 2024

Mwanangu Yunisi,

Barua yako nimeipata. Nisamehe nilichelewa. Nilianza barua mara kadhaa, kila mara nikifika kwenye salamu, kwenye kuandika "Wema hajambo", kalamu inasimama.

Yu hai. Homa imeshuka. Mkono wa kulia haupo, kuanzia juu ya kiwiko. Daktari anasema kidonda ni kizuri. Sijui kidonda kizuri kikoje, lakini nimemshukuru.

Ilikuwa hivi. Jioni ya kabla yake Alphonce alitangaza. Asubuhi walikwenda wengi kama ulivyosema, jua limeshapanda, wakayapiga maji kwa fimbo kama ulivyosema. Kila ulichosema kilifanyika. Wema aliinama na ndoo, maji ya magotini, na wenzake kushoto na kulia. Akakamatwa yeye. Thobias alikuwa anatia mtumbwi majini, akaruka akamkumbatia kiunoni, wengine wakamshika Thobias, wakavutana na yule mnyama mpaka mkono ukabaki huko na mtu akabaki kwao. Mimi nilikuwa uani napepeta mchele. Niliona watu wanapita mbio mlangoni, midomo wazi, nikadhani kuna moto.

Wakamfunga kwa kanga, wakampakia boti mpaka Kigoma. Njiani alikuwa ananitazama tu.

Wiki iliyofuata Thobias alikuja hapa wodini, amevaa shati lake la kanisani. Akasimama mbele ya kitanda akasema kwa sauti, maana wodi nzima iligeuka: "Wema, tumemuua." Kisha akanieleza mimi polepole ili nimsome. Yule mamba wako alirudi akapanda kichuguuni, akalala juu ya lile shimo lililofukiwa, yalipokuwa mayai. Walipomjia na maofisa na bunduki hakukimbia. Tumboni hawakukuta kitu. Thobias anasema siku zilikuwa zimepita, kilishasagika. Watu wamefurahi sana. Siku zote zile walikuwa wanakinga maji ya mvua kwa masufuria na wengine wanachota kwenye madimbwi, na watoto wameanza kuhara. Sasa wamerudi mwaloni.

Wema aliposikia habari hiyo alifumba macho akageukia ukutani. Nilidhani ni maumivu.

Jambo moja nakuambia ili usije ukalisikia kwa mwingine. Wapo wanaosema mamba wa Yunisi ndiye aliyekula mkono wa ndugu yake Yunisi. Sisikii wanachosema lakini naona wanavyonyamaza nikipita. Usilichukulie moyoni. Watu wakiumia wanatafuta jina la kushika, na jina lililokuwa karibu lilikuwa lako.

Njoo ukiweza. Usilete kitu.

Shangazi yako,
Honorata


Morogoro,
15 Januari 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimefika salama. Samaki uliowafunga hawakuharibika, migebuka miwili nimempelekea Dokta Leodgar. Asante kwa Krismasi. Asante kwa kunipa kitanda chako.

Nimekaa kwenu siku zile zote na nilikuwa na jambo la kusema, na sikulisema. Utanielewa kwa nini. Kukuambia wewe jambo lolote ni lazima mtu apaze sauti, na nikipaza sauti uani kwako, Thobias anasikia, wateja wa Wema wanasikia, njia nzima inasikia. Kila jioni nilisema kesho nitaliandika kwenye karatasi nimpe. Halafu kesho ikifika nawaona wanawake wanashuka mwaloni na ndoo kichwani wakipiga soga, watoto wanaogelea, Thobias ananiita "shemeji wa mamba" na kunipa muhogo, amenisamehe. Wote walikuwa wamenisamehe. Nikashindwa.

Siku ile Wema aliponiambia, "Kaa hapa chini nikusuke," mimi nikakaa, nikafungua kilemba, akashika chanuo kwa kushoto, akachana upande mmoja, na tukabaki hivyo, ameshika fungu la nywele na hana mkono wa pili wa kuligawa. Akacheka. Nilitaka kumwambia pale pale. Nikaomba maji ya kunywa.

Shangazi, siyo yule.

Jumanne ya tarehe kumi na tisa yule jike alikuwa bado mtoni, mbali, hajafikia hata daraja la Malagarasi. Nina nukta zake za asubuhi ile, na za Jumatatu, na za Jumatano. Niliziangalia mara nyingi sana nikitamani ziwe za uongo. Alifika Ilagala baada ya wiki nzima. Aliyemkamata Wema ni mwingine.

Dokta Leodgar nimemwonyesha. Ni mtu mwema. Alivua miwani akasema, "Yunisi, hao ni watu wako, siwezi kukupangia." Ukanda wote huo mamba tuliowafunga vifaa ni wachache mno. Waliobaki ni wengi, nao pia mafungu yao ya mchanga yamezama, nao pia wanapanda. Mtu akiniuliza yuko wapi aliyechukua mkono wa Wema, sina jibu. Hana kifaa. Kwenye ramani yangu hayupo kabisa. Naona maji matupu ya buluu.

Nikisema, watasema natetea mamba wangu. Nisiposema, wanaogelea. Nimelala na mambo hayo mawili mwezi mzima na sasa nimekuletea wewe, jambo ambalo si haki, wewe ni mtu mzima na umeshachoka. Lakini wewe ndiye uliyenilea, na sina mwingine wa kumwambia ambaye hataninyamazia.

Wema afahamu au asifahamu, amua wewe.

Yunisi


Ilagala,
9 Februari 2025

Mwanangu Yunisi,

Mwakeye. Tumsifu Yesu Kristo. Mimi sijambo. Mvua ni nyingi, mahindi yanaota vizuri huku juu. Wema hajambo. Naliandika sasa bila kalamu kusimama, maana ni kweli, au inakaribia.

Barua yako niliisoma, nikaikunja, nikaiweka kwenye Biblia, nikapika, nikala, nikaitoa nikaisoma tena. Kwa siku chache nilikuwa mtu pekee hapa kitongojini ajuaye, nami sikuwa naenda mwaloni. Nilikaa kizingitini nikiwatazama wanaokwenda. Nilihesabu vichwa vinavyoshuka na vinavyopanda, kama nilivyokuwa nikihesabu watoto kwenye safari ya shule. Nikaona nitapata kichaa.

Nikampa Wema barua asome mwenyewe. Alisoma polepole, ameikanyaga pembeni kwa kidole gumba cha mguu ili upepo usiifunge. Akamaliza. Akanigeuzia uso, akasema kwa midomo mipana ili nisikose neno: "Mama, ninajua."

Nikamwambia, unajua nini?

"Nilimwona. Alipokuwa ananivuta mgongo wake ulikuwa hapa, karibu na uso wangu. Haukuwa na kitu."

Nikamuuliza kwa nini hakusema, tangu hospitalini, tangu Thobias alipokuja. Akaikunja barua kwanza. Kisha akasema: "Alikuja amevaa shati la kanisani. Wodi nzima ilipiga makofi. Ningemwambia nini? Nenda ukaue mwingine? Na huyo akiwa siye, nenda ukaue wa tatu? Watoto walikuwa wanahara, Mama. Watu walitaka kurudi majini na walikuwa wanatafuta ruhusa. Nikawapa."

Yunisi, nimefundisha maisha yangu yote. Nilizoea kwamba mtu akikosea unamwonyesha lilipo kosa, anafuta, anaandika upya. Hapa nilitafuta kosa ni la nani. La Thobias? Alimwokoa. La maofisa? La yule jike? Alikuwa anarudi kwenye mayai yake. Lako wewe uliyesema kila kitu kwa wakati? Nimetafuta mpaka nimechoka.

Tulimwendea Alphonce sote wawili. Wema ndiye aliyeongea, na alisema yote: mgongo usio na kitu, na nukta zako. Alphonce hakusema kwamba unatetea mamba wako. Nilikuwa nimejiandaa kumgombeza akisema hivyo, hakusema. Aliuliza tu, "Mwalimu, nikishatangaza, niwaambie wafanye nini?" Nilimwambia atangaze.

Akatangaza. Akaita na mkutano. Thobias alisikiliza kichwa kimeinama, na alipoinuka alikuja akapiga magoti mbele ya Wema. Wema akamwinua kwa mkono mmoja, akamwambia, "Wewe ulinishika kiuno. Mengine sitaki." Kifaa chako Alphonce anakirudisha, amekifunga kwenye gazeti, kitakuja na barua hii. Amekifuta matope.

Siku mbili hawakushuka mwaloni. Siku ya tatu maji ya mvua ya kukinga yalikwisha, mawingu yakakaa mbali upande wa Kongo, na wakashuka. Sasa watoto wanaachwa juu ya mteremko. Wanashuka wakubwa, kwa kundi, wanayapiga maji, wanachota, wanapanda. Pampu tumeambiwa iko kwenye bajeti. Miti ya kizimba kipya imekatwa, imelazwa pale kanisani, inangoja ziwa lishuke hata kidogo tu ili ipate kuchomekwa.

Usiache shule, kama ndilo unalowaza. Na usiache kunitumia habari za hao wengine wenye vifaa, japo ni wachache, japo zinachelewa. Nitampa Alphonce. Atatangaza. Tutasikiliza.

Hapa nyumbani tulikuwa tukichotewa na majirani tangu Wema aumie. Jana amekataa. Amesema haiwezekani watu waingie majini kwa ajili yake na yeye amekaa uani. Nilimkatalia, nikalia, nikamwambia mimi ni mama yake. Akasubiri nimalize. Basi tumekubaliana twende pamoja: yeye ataingia na ndoo ndogo, mimi nitasimama nyuma yake nimshike gauni, nitazame maji.

Nafunga barua hapa. Kumekucha zamani, wenzetu wameshakusanyika njiani, na Wema amesimama mlangoni na ndoo, ananingoja nivae kandambili.

Shangazi yako,
Honorata